Kichwa kinachouma kila wiki: Ujuzi wa kutuliza maumivu ambao hata mtoto anaweza kujifunza

Katika kata ya Mandawa, wilayani Ruangwa, kama ilivyo kwa jirani zao wa Nachingwea, mtu akisema kichwa kinamuuma jibu la kwanza huwa ni malaria. Si jibu baya. Malaria bado ipo Lindi na inaua, kwa hiyo kwenda kupima ni sahihi kabisa.

Tatizo huanza pale kipimo kinaposema hakuna malaria. Mama anachomwa kidole zahanati, anasubiri robo saa, anaambiwa yuko salama, anapewa paracetamol na kurudi nyumbani. Wiki inayofuata kichwa kinauma tena, upande mmoja, kinapwita kama mtu anayepiga ngoma ndani ya fuvu. Mwanga unamkera, harufu ya vitunguu vikikaangwa inamtia kichefuchefu. Anarudi zahanati. Hakuna malaria.

Mwezi wa tatu sababu zinaanza kuletwa na majirani. Huyu anasema ni macho, yule anasema ni presha, mwingine mawazo. Baadaye sauti zinashushwa: huenda kuna mkono wa mtu, au ana jini. Akiwa ni mtoto wa shule, maneno huwa mafupi zaidi. Anajifanya, hataki shule.

Wengi wa watu hawa hawajifanyi wala hawajarogwa. Mwaka 2004 jarida la kitabibu la Cephalalgia lilichapisha utafiti uliofanywa nyumba kwa nyumba katika eneo la vijijini kusini mwa Tanzania. Miongoni mwa walioufanya alikuwemo Profesa William Matuja wa Muhimbili, bingwa wa magonjwa ya mfumo wa fahamu. Watu 3,351 waliulizwa. Karibu 23 kati ya kila 100 walikuwa wameumwa kichwa ndani ya mwaka huo, na 5 kati ya 100 walikuwa na kipandauso, ugonjwa ambao madaktari wengi huutaja kama maigreni. Kwa wanawake walikuwa 7 kati ya 100, kwa wanaume 2.5.

Weka hesabu hiyo kwenye kikao cha wazazi shuleni. Wakifika akina mama 100, saba kati yao wanaijua hali hii kwa mwili wao wenyewe, na pengine hawajawahi kuambiwa jina lake.

Kidonge kinapogeuka kuwa chanzo

Mwenye kichwa cha namna hiyo hufanya kile ambacho yeyote angefanya. Ananunua dawa dukani. Kidonge kimoja asubuhi ili aweze kwenda shamba, kingine jioni ili aweze kupika. Msimu wa korosho, watu wakiwa shambani tangu alfajiri bila kula na maji yakiwa mbali, dawa hizo huwa nyingi zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo wauza duka wachache huwaambia wateja wao. Dawa za maumivu zikitumika siku nyingi mno, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Kwa paracetamol ya kawaida, hatari iko kwa anayemeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vyenye kafeini ndani, ni siku 10 tu kwa mwezi. Mgonjwa anaamka na kichwa, anameza, kinapungua, dawa ikiisha mwilini kinarudi, anameza tena. Anaamini ugonjwa umezidi, kumbe ameingia kwenye mzunguko.

Kutoka kwenye mzunguko huo ni kazi ngumu, kwa sababu siku za kwanza za kupunguza dawa kichwa huuma zaidi. Hapo ndipo mtu anahitaji kitu kingine cha kushika mkononi. Moja ya vitu hivyo ina jina linalotisha.

Jina baya kwa jambo la kawaida

Jina hilo ni hipnosisi. Wengi tumeliona kwenye filamu. Mtu mwenye macho makali anatikisa saa ya mnyororo, mwenzake anapoteza akili na kufanya lolote analoamriwa. Ongeza na hadithi zetu za stendi, za watu waliopumbazwa wakatoa simu na pesa kwa hiari yao, na utaelewa kwa nini mzazi akisikia daktari anataka kumfanyia mwanawe hipnosisi atamshika mtoto mkono na kuondoka.

Lawama iende kwa jina. Daktari James Braid, aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, ndiye aliyelieneza miaka ya 1840, akilichukua kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye yeye mwenyewe aliona amekosea, kwa kuwa anayefanyiwa halali usingizi, akajaribu kulibadilisha. Alikuwa amechelewa, watu walikwisha kulizoea.

Kinachotokea ni kwamba mtu anaelekeza mawazo yake yote mahali pamoja, mwili unalegea, na katika hali hiyo maneno na picha anazopewa au anazojipa humgusa kwa nguvu kuliko kawaida. Anasikia kila kitu. Anakumbuka. Akitaka kuacha anafungua macho na kusimama.

Wazazi wa huku hali hiyo wameiona mara nyingi bila kuipa jina. Bibi anaposema hadithi hadithi, na watoto wakaitikia hadithi njoo, dakika kumi baadaye yule aliyekuwa analalamika mbu wanamuuma amenyamaza. Mbu hawajaondoka. Anang'atwa vilevile, lakini yeye yuko na sungura na fisi, na habari za kuumwa na mbu hazimfikii kwa uzito uleule. Hipnosisi ni kuichukua hali hiyo na kuitumia kwa makusudi.

Sayansi imejaribu kutazama ndani ya kichwa wakati hilo linatokea. Mwaka 1997 jarida la Science lilichapisha kazi ya Pierre Rainville na wenzake wa Montreal, Canada. Watu waliojitolea walitumbukiza mkono kwenye maji ya moto wakiwa katika hipnosisi, huku mashine ikipima ubongo wao. Walipoambiwa maneno ya kupunguza kero ya maumivu, sehemu ya ubongo inayohusika na mateso ya maumivu ilibadilika. Sehemu inayopokea habari kwamba mkono unaungua haikubadilika kwa namna hiyo.

Matokeo hayo yanafaa kukumbukwa na kila mwenye kichwa cha kudumu, maana yanaonyesha maumivu yana sehemu mbili, kuumia kwenyewe na kuteseka kwa sababu ya kuumia. Mtu akiambiwa hipnosisi inaweza kumsaidia, hajaambiwa kwamba maumivu yake ni ya kufikirika. Ni ya kweli, na ubongo unaoyapokea unaweza kufundishwa kuyapokea kwa namna nyingine.

Watoto hujifunza haraka

Wanaonufaika haraka ni watoto, na wanaotumia muda mwingi ndani ya fikra zao huenda mbele zaidi. Mwaka 1987 daktari wa watoto Karen Olness na wenzake, Marekani, walichapisha katika jarida la Pediatrics utafiti wa watoto 28 wenye kipandauso, wenye umri wa miaka 6 hadi 12. Kwa miezi mitatu walipewa propranolol, dawa inayotumika kuzuia kipandauso. Kwa miezi mitatu mingine walipewa kidonge kisicho na dawa. Kisha wakafundishwa kujifanyia hipnosisi wenyewe.

Katika miezi mitatu ya kidonge kitupu, mtoto aliumwa kichwa kwa wastani mara 13.3. Kwa propranolol, mara 14.9. Baada ya kujifunza hipnosisi, mara 5.8.

Mzazi asikimbilie kushangilia. Watoto walikuwa wachache, na wote walifundishwa hipnosisi mwishoni, kwa hiyo huenda baadhi wangepata nafuu hata hivyo kadiri muda ulivyopita. Tena ukali wa maumivu yalipokuja haukupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Kilichopungua ni idadi ya mara. Lakini kwa mtoto wa darasa la saba, tofauti ya kichwa mara 14 na mara 6 katika muhula ndiyo tofauti ya kufanya mitihani ya majaribio na kuikosa.

Kuna utafiti mwingine unaonifanya nisimcheke anayesema kichwa cha mtoto kinasikia maneno. Mwaka 2017 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jaribio la watoto na vijana 361 wa Marekani wenye kipandauso, likilinganisha dawa mbili za kuzuia, amitriptyline na topiramate, na kidonge kitupu. Waliopunguza siku za maumivu kwa nusu au zaidi walikuwa asilimia 52 kwa dawa ya kwanza, 55 kwa ya pili, na 61 kwa kidonge kitupu. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati. Kidonge kile hakikuwa na kitu ndani. Nadhani sehemu kubwa ya kilichofanya kazi ni yale yaliyokuja pamoja nacho: mtu mzima anayesikiliza, daftari la kuandika siku za maumivu, na matumaini kwamba kuna kinachofanyika.

Kwa watu wazima ushahidi ni mdogo zaidi, ila upo. Mwaka 1975 madaktari wa Uingereza waliwagawa wagonjwa 47 wa kipandauso, wengine wakapewa hipnosisi na wengine dawa. Katika miezi mitatu ya mwisho, 10 kati ya 23 wa hipnosisi hawakuumwa kabisa, dhidi ya 3 kati ya 24 wa dawa. Ni idadi ndogo, na dawa zimeboreka tangu wakati huo. Mtu mzima asiache dawa yake ya kuzuia kwa sababu ya hesabu hiyo.

Inafanywaje nyumbani

Anayefaa kumfundisha mtoto ni mtaalamu wa saikolojia au daktari aliyesomea. Lakini mazoezi yenyewe ni ya nyumbani, na sehemu ya mwanzo, ile ya kutulia na kujenga picha, haina madhara kwa mtoto aliyekwisha kuchunguzwa hospitali. Mzazi anaweza kuianza.

Kanuni ya kwanza ni kwamba mazoezi hufanywa siku ambayo kichwa hakiumi. Wengi hukosea hapa. Wanasubiri maumivu yafike kileleni ndipo wamwambie mtoto apumue taratibu, kisha wanasema haifai. Ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea akiwa anazama. Dakika kumi kila siku, saa ileile, kwa mfano baada ya chakula cha jioni, zinatosha.

Mtoto anakaa au analala chali mahali patulivu. Anachagua kitu kimoja cha kutazama, msumari wa bati au kucha ya kidole gumba chake, mpaka macho yachoke na kufumba yenyewe. Anavuta pumzi kwa pua, anaitoa polepole. Mzazi anaongea kwa sauti ya chini, bila haraka:

"Mwanangu, umekaa chini ya ule mwembe wa kwa babu. Kuna kivuli. Upepo unakuja kutoka bondeni. Unausikia?"

"Naam, mama."

"Usiseme, itikia kwa kichwa tu. Sasa mtungi uko pembeni yako, maji yake ya baridi. Chovya kitambaa, kiweke kwenye paji la uso. Ubaridi unaingia taratibu. Unapita kwenye nyusi, unapita pembeni."

Picha ichaguliwe na mtoto. Mtoto asiyependa mwembe asilazimishwe kukaa chini ya mwembe. Ruangwa ina watoto ambao picha yao bora ni kuwa uwanjani Majaliwa wakiwa na jezi ya Namungo, na hiyo inafaa vilevile, mradi waione nyasi, wasikie watu, wahisi mpira mguuni. Wakishatulia, wengi hupenda picha ya swichi: maumivu ni redio iliyofunguliwa kwa sauti kubwa, na mkono wao uko kwenye kitufe cha sauti. Wanapunguza kutoka 8 hadi 7, kutoka 7 hadi 6. Usimwambie mtoto azime kabisa. Akishindwa kuzima ataona ameshindwa yote, ila kupunguza namba moja karibu kila mtoto anaweza.

Mwisho anahesabu hadi tano na kufungua macho. Baada ya wiki kadhaa mzazi anapunguza maneno, mtoto anajiongoza mwenyewe. Hapo ndipo ujuzi unakuwa wake, anaweza kuutumia kwenye dawati, akiwa amefumba macho dakika mbili, bila mwalimu kujua.

Mama mwenye kichwa cha kudumu anafanya hivyohivyo. Anaweza kujirekodi kwenye simu akiongea polepole, kisha akajisikiliza. Asisikilize akiwa jikoni penye moto wala akiwa juu ya pikipiki.

Anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii, au aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili unaomtenga na hali halisi, asijaribu haya bila daktari wake. Mwenye kifafa naye aulize kwanza.

Na wale wanaoona hili linagongana na dini? Halihitaji kuita chochote wala kumwomba yeyote, hakuna maneno ya siri. Mwenye kuswali akapenda kuanza na dua, na mwenye kusali akaanza na sala, haliharibiki.

Kichwa kisichosubiri

Kabla ya yote hayo kuna vichwa ambavyo si vya kutulizwa nyumbani hata kwa saa moja. Kichwa kilichokuja ghafla kwa kishindo, kikafika kileleni ndani ya dakika. Kichwa chenye homa na shingo ngumu. Kichwa pamoja na degedege, kuchanganyikiwa, udhaifu wa mkono au mguu, au kuona vibaya. Kichwa baada ya kuanguka kutoka kwenye mkorosho au kwenye bodaboda. Mtoto anayeamshwa usiku na maumivu au anayetapika kila alfajiri. Mtu aliyevuka miaka 50 ambaye hajawahi kuwa na kichwa cha aina hii. Anayeishi na virusi vya Ukimwi na kichwa kipya kisichoisha.

Na mjamzito. Kichwa kikali baada ya mwezi wa tano, hasa akiona vimulimuli au uso na mikono ikivimba, kinaweza kuwa kifafa cha mimba kinabisha hodi. Huyo apelekwe kupimwa presha na mkojo siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Mtoto asipewe aspirini. Kwake inaweza kuleta ugonjwa wa hatari wa ini na ubongo.

Nani wa kumwendea

Ukweli ni kwamba Mandawa hutapata mtu mwenye kibao cha hipnosisi, na ukimpata mjini uwe na mashaka naye kwanza. Kila penye maumivu ya muda mrefu pana mtu anayeuza muujiza. Muulize amesoma wapi saikolojia au udaktari. Kama anajitambulisha kama mtoa tiba mbadala, sheria ya mwaka 2002 inataka asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na cheti si siri. Anayeahidi kuponya kabisa, anayekataza dawa za hospitali, anayetaka kukaa na binti yako peke yao mlango umefungwa, mwache. Mtoto hufundishwa mzazi akiwepo au akiwa mahali anapoona.

Wataalamu wa saikolojia tiba nchini bado ni wachache, ingawa Chuo Kikuu cha Muhimbili kinawafundisha. Njia ya kawaida ni kuanzia zahanati, kisha Hospitali ya Wilaya ya Ruangwa, na ikibidi rufaa ya Hospitali ya Sokoine mjini Lindi au Ndanda. Unapofika, usiseme tu kichwa kinauma. Omba presha ipimwe, macho yapimwe, na uliza waziwazi kama hiki ni kipandauso na kama kuna dawa ya kuzuia.

Nenda na daftari la mtoto la kurasa 40. Kwa mwezi mzima kabla ya safari, kila siku andika mstari mmoja: kichwa kiliuma au hakikuuma, saa ngapi, upande gani, alikula nini asubuhi na kama alikula, alilala saa ngapi, alikunywa maji kiasi gani, alimeza kidonge gani na vingapi. Kwa mwanamke, na siku za hedhi. Akianza mazoezi ya kutulia, weka alama siku alizofanya. Daktari akifungua daftari hilo ataona ndani ya dakika mbili mambo ambayo vinginevyo yangehitaji safari tatu, na safari ya kwenda Ruangwa mjini na kurudi ina nauli yake.